Mkono Tulioushika: Kisa cha Jioni Moja ya Nyatiti na Mashairi Kisumu

Ratiba yetu ya Juni hadi Agosti imebandikwa mlangoni tangu wiki jana, na wanaotujua wameshaanza kuuliza. Mbona mashairi yamehamia Jumapili alasiri? Mbona nyatiti, kinubi cha Wajaluo, inapigwa saa tisa na nusu mchana, tena bila spika za kukodi? Mbona tamasha la magitaa ni moja tu kwa miezi mitatu? Majibu yote yanatoka katika Ijumaa moja ya Aprili iliyotuharibikia. Nimeamua kuieleza yote jinsi ilivyokwenda, kwa sababu ziko kumbi nyingine ndogo kama yetu, Kakamega, Kisii, Bungoma, Nakuru, na nina hakika baadhi yazo zinapanga jioni zao kama tulivyokuwa tukipanga sisi.

Ukumbi wenyewe kwanza. Ni ghala la zamani, mwendo mfupi kutoka Mtaa wa Oginga Odinga, lenye kuta nene za mawe na paa la mabati lisilo na dari. Tuna viti tisini vya plastiki na jukwaa la mbao la kimo cha goti. Nyuma ya jukwaa kuna chumba kilichokuwa ofisi ya karani wa ghala. Hicho kina dari ya mbao, na watu thelathini na tano wakibanana wanaenea. Kisha kuna ua, na ng'ambo ya ukuta wa ua wanaishi watu. Tunaendesha shughuli watu wanne, hakuna mwenye mshahara. Kazi yangu mimi ni kupanga ratiba, kwa hiyo makosa nitakayoyaeleza hapa yalitoka kwenye kalamu yangu.

Mpango wa Ijumaa hiyo ulikuwa hivi. Mlango ufunguliwe saa kumi na mbili jioni. Washairi watano waanze kusoma saa kumi na mbili na nusu. Saa mbili, mzee mpiga nyatiti kutoka upande wa Seme apande jukwaani na wenzake wawili, na saa tatu na nusu tufunge. Kiingilio shilingi 300. Niliamini kwamba kuliweka neno na uzi katika usiku mmoja ni jambo jema. Nyimbo za nyatiti zimejaa sifa, nasaba, mafumbo na habari za watu waliopita. Nani atasema hiyo si fasihi? Tena mji huu ulishawahi kuyaunganisha mambo hayo. Okot p'Bitek, mshairi wa Uganda, alifanya kazi hapa Kisumu mwishoni mwa miaka ya 1960 na akaandaa tamasha la sanaa papa hapa. Nilitaka tuishike njia hiyo.

Mvua ilishuka saa kumi na mbili kasorobo, ile ya kwetu inayokuja na radi na kuufunga mji wote. Tulingoja hadi saa moja na robo, kisha tukaanza na watu kumi na saba. Juu ya mabati mvua ilisikika kama kokoto zinazomwagwa kutoka kwenye lori. Mshairi wa kwanza alipaza sauti. Wa pili tukamwongezea mikrofoni nguvu, spika zikapiga mluzi. Wa tatu alikuwa binti, mwanafunzi kutoka Maseno. Mashairi yake ni ya sauti ya chini: mtu anazungumza na nyanya yake aliyeanza kusahau majina ya wajukuu. Maneno ya namna hiyo hayapigiwi ukelele. Alisoma mawili. La tatu alilifikisha katikati, akafunga daftari, akasema ahsanteni, akaenda kuketi. Watu walimpigia makofi, na mvua ikayafunika makofi pia.

Kufikia saa mbili na nusu mvua imepungua na watu wanaingia kwa vikundi, viatu vimejaa matope. Hesabu ya mlangoni ilifika watu 58. Wengi walifuata nyatiti na hawakuwa na habari kwamba kulikuwa na washairi waliokwisha kusoma na kumaliza.

Mzee alikaa kwenye kigoda chake kifupi, nyatiti mbele yake, njuga zimefungwa mguuni, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu. Wimbo wa kwanza ulipita vizuri. Wa pili pia. Katikati ya wa tatu, mtu mmoja mwenye koti la kijivu aliinuka safu ya nne, noti mkononi, akaanza kwenda mbele huku akiita kwa Kijaluo. Nilikuwa nimemwagiza kijana wetu wa mlangoni kwamba mtu asitembee onyesho likiendelea. Kijana alitii agizo langu. Alimwahi yule bwana kwenye ujia, akamshika mkono, akamwambia kwa adabu kabisa, "Baba, tafadhali keti, onyesho linaendelea."

Bwana alisimama pale kidogo, akirudisha noti mfukoni. Kisha alirudi kukaa, na wimbo ulipokwisha akatoka. Niliona wengine wawili, waliokuwa wameshajiandaa kuinuka, wakituliza viuno vyao kitini. Mzee alipiga nyimbo mbili zaidi na kunyamaza saa tatu na dakika kumi. Hakuna aliyemwomba arudie. Wakati huohuo mama mmoja jirani alikuwa anagonga lango la ua. Ndani ana mgonjwa. Hakufoka, aliuliza tu tutamaliza saa ngapi.

Kwa hesabu za daftari hatukupoteza kitu. Watu 58 kwa shilingi 300 ni shilingi 17,400. Mzee na wenzake walipokea 8,000, spika za kukodi zikala 4,500, nauli za washairi watano 2,500, petroli ya jenereta 1,200, mabango 1,000. Zilibaki shilingi 200. Lakini angalia namba hizo tena: waliotengeneza spika zetu zivume walipata karibu mara mbili ya walichopata watu watano walioandika na kusoma. Hao watano hawakulipwa hata senti ya kazi yao. Walirudishiwa nauli.

Kamati ilipokutana Jumatatu, kila mtu alisema mvua. Mmoja akapendekeza tutafute fedha za kuweka dari, mwingine akataka spika kubwa zaidi. Mimi pia nilianzia kwenye mvua, lakini haikunitosheleza. Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa, kila mkazi analijua hilo, na aliyeweka sauti ya chini chini ya mabati matupu jioni ya Aprili ni mpangaji, si wingu. Isitoshe, mvua haikumshika mtu yeyote mkono.

Jumatano nilipanda matatu hadi Seme, na sukari na majani ya chai ndani ya mfuko. Mzee alinipokea vizuri, tukakaa chini ya mwembe. Nilimwuliza bila kuzunguka, "Mzee, tulikosea wapi?"

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "pesa yenu ilikuwa nzuri, sina deni na nyinyi. Lakini mlinipa nyumba iliyojaa watu wasio na majina."

"Yule aliyesimama?"

"Yule alikuwa anakuja kuniambia yeye ni nani."

Hapa lazima nieleze jambo kwa wasomaji wasiotoka huku ziwani. Katika muziki wa Wajaluo kuna desturi iitwayo pakruok. Msikilizaji anamsimamisha mpigaji, anatoa pesa, kisha anajisifu au anamsifu rafiki yake, mkwe wake, mke wake, kijiji chake. Anajiita kwa majina ya kujigamba, anajifananisha na mnyama, na mto, na jambo lolote ambalo ulimi wake unaweza kulibeba, na walioketi wanacheka au wanamjibu. Akimaliza, nyuzi zinarudi. Jina lililotajwa sasa limo mikononi mwa mpigaji, naye anaweza kulisuka ndani ya wimbo. Pesa ni sehemu ya mapato yake, ndiyo, lakini pia ndiyo njia ambayo wimbo unapata watu wa kuwaimba. Mzee alikuja ukumbini kwetu na tungo zake kama mtu aliyekuja na chombo kitupu cha kutekea, na sisi tukaufunga mto.

Nilirudi nikiwa nimeshikwa na jambo moja ambalo bado silimalizi. Fasihi niliyokuwa nikiitafuta usiku ule, ile ya kuunganisha neno na uzi, ilikuwa imeinuka yenyewe kutoka safu ya nne, imevaa koti la kijivu, na sisi tukaiambia iketi. Binti wa Maseno alihitaji watu watulie kiasi cha kusikia karatasi ikigeuzwa. Mzee alihitaji kukatizwa. Tulimpa mshairi kelele, tukampa mpiga nyatiti kimya. Kila mmoja alipewa haki ya mwenzake.

Kuna jingine alilonieleza mzee, dogo kwa maneno lakini kubwa kwa fundi. "Mguu wangu haukusikika," alisema. Nyatiti ina nyuzi nane, zamani za mishipa ya ng'ombe na siku hizi za nailoni, na wengi tukiifikiria tunafikiria vidole tu. Lakini mpigaji mmoja hutoa sauti nne kwa pamoja: koo, nyuzi, njuga za mguuni, na ile pete ya chuma inayogonga mti wa chombo na kushika mdundo. Fundi wa spika tulizokodi aliweka mikrofoni moja mbele ya mdomo, kama anavyofanya kwa mwimbaji wa kanisani. Matokeo yake sauti ya mtu ilijaa ukumbi na mdundo wake ukabaki jukwaani. Waliokaa nyuma walisikia mtu anaimba juu ya nyuzi zisizo na ardhi. Tena usiku ule ulikuwa na unyevu, na ngozi ya chombo ikipata unyevu hulegea, sauti inashuka. Mzee alikaza nyuzi mara mbili na watu wakadhani anavuta muda. Tungemwachia tu ukumbi wa mawe bila umeme wowote, watu sitini wakamzunguka kwa karibu, wangesikia kila kitu.

Binti nilikutana naye Jumamosi mjini, tukanywa chai karibu na stendi. Alikuwa mpole kuliko nilivyostahili.

"Dada," alisema, "tulikuwa kama watu wa kujaza muda kabla mgeni hajafika. Sikuudhika na mvua. Niliudhika kwamba hakuna aliyekuja kutusikiliza sisi."

Nilimwuliza angependa kusoma vipi. Akasema bila mikrofoni, watu wachache, na asome wa kwanza au wa pili, asiwe wa tatu katika foleni ya watano. Niliikumbuka siwindhe. Katika boma la Kijaluo la zamani, wasichana walilala katika nyumba ya mwanamke mzee, pim, na humo ndimo hadithi zilimosimuliwa, sauti ya kawaida, masikio yako karibu. Chumba chetu cha karani chenye dari ya mbao kilikuwa kimejaa mabango ya miaka iliyopita na viti vilivyovunjika. Tulikitoa vitu vyote wiki iliyofuata.

Kuhusu saa za kumaliza, nitasema kwa ufupi kwa kuwa jambo lenyewe ni wazi. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinahesabu usiku kuanzia saa mbili. Kabla ya hapo, nje katika eneo la makazi, kikomo ni desibeli 50. Baada ya hapo kinashuka hadi 35, ambazo ni kama mtu anayenong'ona. Mimi nilikuwa nimepanga muziki uanze dakika ileile ambayo sheria inawapa majirani haki ya kulala. Yule mama hakuhitaji kuijua kanuni. Alikuwa na mgonjwa. Na wasikilizaji wetu nao wana safari. Anayeishi Nyalenda anaweza kutembea au kupanda boda. Anayerudi Maseno au Ahero saa nne usiku anakesha barabarani au anatumia nauli inayozidi kiingilio. Ndiyo maana watu walianza kuchungulia simu zao tangu saa tatu.

Basi ratiba mpya imetokana na hayo. Jioni za fasihi ni Jumapili mbili kila mwezi, saa kumi hadi saa kumi na mbili, katika chumba cha karani, viti kwa mviringo. Kiingilio 150. Wasomaji wawili tu, kila mmoja shilingi 2,000 mkononi kabla hajaondoka. Chumba kikijaa tunapata 5,250. Tukitoa 4,000 za wasomaji na 900 za chai na mandazi, zinabaki 350. Kisipojaa tutaongezea kutoka mfukoni, na kamati imekubali kwa kauli moja. Jumapili ya kwanza ni ya binti wa Maseno na mwenzake mmoja anayeandika Kiswahili kuhusu wavuvi wa Dunga. Julai tutasoma na kujadili waandishi wanawake wa upande huu wa ziwa: Grace Ogot, aliyeandika kwa Kiingereza na kwa Kijaluo pia, Asenath Bole Odaga, aliyeanzisha kampuni ya uchapishaji na duka la vitabu papa hapa Kisumu, na Marjorie Oludhe Macgoye, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1928, akaolewa huku na kuandika kama mtu wa huku. Wote watatu tuliwapoteza kati ya 2014 na 2015, na ninaona ni aibu kwamba kijana anaweza kumaliza shule katika mji huu bila kusikia ukurasa wao mmoja ukisomwa kwa sauti.

Julai hiyohiyo atakuja mpiga litungu, kinubi cha Wabukusu, kutoka Bungoma, ukumbini, bila spika. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, haitaingia ndani ya ukumbi hata kidogo. Ngoma zile hupigwa kwa seti ya tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na manyanga, na watu hucheza, hawaketi. Kuiweka juu ya jukwaa la kimo cha goti mbele ya viti vya plastiki ni kuivunja miguu. Itakuwa uani, Jumamosi ya Agosti, kuanzia saa nane, na majirani tumewaalika kwa kuwatembelea mlango kwa mlango. Spika zitakodiwa mara moja tu: Jumamosi ya mwisho, orutu, fidla ya Wajaluo ya uzi mmoja, na magitaa ya benga, muziki wa densi uliozaliwa huku kwetu, kuanzia saa kumi na moja na kuzima saa mbili kamili. Nimeviweka pamoja makusudi. Gitaa la benga limejifunza kudonoa kutoka kwa nyatiti, na vijana wengi wanaocheza benga kwenye simu zao hawajawahi kukaa hatua tatu kutoka kwenye chombo kilichoizaa.

Nyatiti ndiyo iliyotugawa. Mzee anarudi Jumamosi ya pili ya Juni. Tunamhakikishia 5,000, na kila shilingi ya pakruok ni yake na wenzake, iwe noti au M-Pesa. Namba ya simu ya mwenzake itaandikwa ubaoni. Viti vitapangwa nusu duara na ujia mpana katikati, ili anayeinuka apite bila kuomba radhi. Mwenzetu mmoja katika kamati, ambaye kwao ni Vihiga, alipinga. Alisema nusu ya wasikilizaji wetu hawasikii Kijaluo, na mtu aliyelipa kiingilio asikae kama mgeni kwenye harusi asiyoijua. Hoja yake ni ya kweli. Tumempata mwalimu mmoja mstaafu atakayesimama pembeni na kusema kwa Kiswahili, kwa sentensi moja au mbili, nani amesifiwa na kwa jina gani. Na anayetaka kujisifu kwa Kiswahili, Kilogooli au Kigusii, ajisifu. Mzee amesema hana shida: jina ni jina.

Hofu yangu mimi ni nyingine. Pakruok huwavuta wanasiasa, na uchaguzi wa 2027 unajulikana na kila mtu. Mtu mmoja mwenye bahasha nene anaweza kuununua wimbo mzima alasiri nzima, na mpigaji hawezi kumkataa. Tumeweka sharti kwamba mtu asisimame zaidi ya mara mbili. Sijui kijana wetu wa mlangoni atamzuiaje mheshimiwa, hasa baada ya yale ya Aprili, kwa hiyo kazi hiyo nimeichukua mwenyewe.

Mzee naye alikuwa na lake. Thum, yaani muziki huu wa nyuzi, ni ya usiku, alisema. Nani anaimba jua likiwa wima? Tulizungumza kwenye simu karibu nusu saa. Nilimweleza kuhusu mgonjwa wa ng'ambo ya ukuta, na hapo akanyamaza, kisha akasema basi tufunge madirisha. Fundi mbao ameshapima mbao za madirisha manne ya upande wa magharibi. Sharti lake la pili lilikuwa nimtumie mapema majina ya watu wanaokuja mara kwa mara, wanakotoka na watu wa kwao, asije tena na mdomo mtupu. Nilizunguka nikiwauliza wenyewe kama wanaridhia. Thelathini na mmoja wamekubali, wanne wamekataa, na orodha nimeituma Alhamisi kwa mjukuu wake amsomee.

Juzi alinipigia. Majina ameyapenda, mengine anawajua babu zao. Kisha akauliza kama yule mtu wa koti la kijivu yumo. Hayumo. Alilipa taslimu mlangoni na hakuna aliyemwuliza jina. Kijana wetu anakumbuka kwamba alifika na tuktuk ya bluu na kwamba alizungumza kama mtu wa Nyakach. Nimeshauliza madereva wa stendi mbili, na kesho naenda kuuliza sokoni Kibuye.